Kurasa Mbili za Kifo cha Jua

Nyumbani kwangu kuna daftari ambalo sipendi kulishika bila kunawa mikono baadaye. Ni daftari langu la kozi ya jiografia. Jalada lake lilikuwa la bluu, sasa limegeuka rangi ya matope, na kwa miaka kumi na tisa nimesimama nalo mbele ya darasa la tano la sekondari hapa Bunia nikiwasomea watoto wa watu habari za nyota. Linanuka. Mke wangu anasema ni unyevu wa mvua tu. Mimi najua ni nini.

Kwanza mtu aelewe jinsi tunavyofundisha. Vitabu hatuna. Vile vilivyokuwepo viliporwa wakati wa vita vya kwanza, na kwa muda mrefu karanga za sokoni zilifungwa kwa kurasa za jiometria. Basi kozi inaishi ndani ya daftari la mwalimu. Mwalimu anasoma polepole, wanafunzi wanaandika, naye anawatajia mpaka mkato na nukta, na mwanafunzi bora ni yule ambaye daftari lake linafanana na la mwalimu kama pacha. Mkaguzi akija haulizi watoto wanajua nini. Anafungua madaftari, anayalinganisha, anatikisa kichwa kwa kuridhika, anakunywa soda, anaondoka. Mwaka ukiisha mtoto anamrithisha mdogo wake daftari, na mdogo anakuja darasani kuhakikisha kama mwalimu bado anasema yale yale. Nilikuwa najivunia kwamba sikuwahi kubadili hata neno.

Daftari langu nalo lilitoka mahali. Nilipokuwa chuo cha ualimu, hapa hapa mjini, kozi ya nyota ilitolewa na padri mmoja mzee aliyekuwa akifundisha amefumba macho. Mimi nilikuwa mtoro. Rafiki yangu tuliyekuwa tunakaa naye chumba kimoja hakukosa hata siku moja, na mwandiko wake ulikuwa safi kama wa mtu anayeandika barua ya posa. Mtihani ulipokaribia niliazima daftari lake, naye akanipa sharti moja: nilirudishe kabla hajaenda kwenye mazoezi ya kwaya, Jumamosi jioni.

Mchana ule nilinakili huku nakula. Sahani ya sombe ilikuwa karibu na kiwiko changu, majani ya muhogo yanayoogelea katika mawese, na kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa na kalamu nilikuwa nachovya bugali kwa mkono wa kushoto, kama mtu asiyelelewa. Tonge likadondoka. Mafuta mekundu yakatapakaa kwenye ukurasa wa arobaini na mbili na wa arobaini na tatu wa daftari lake, ambazo ndiyo kwanza nilikuwa nimezifungua. Badala ya kufuta nilifunga daftari haraka, maana nilisikia viatu mlangoni. Hakuwa yeye. Lakini niliporudi kulifungua, kurasa zile mbili zilikuwa zimegandana, nami sikujisumbua kuzibandua. Niliendelea na arobaini na nne.

Na jinsi zilivyoungana! Ukurasa wa arobaini na moja uliishia hivi: "Kila nyota, pamoja na Jua letu, siku moja itamaliza mafuta yake, na hapo..." Ule wa arobaini na nne ulianza: "...inajiangukia ndani yenyewe hadi inakuwa shimo jeusi, ambamo hata mwanga hauwezi kutoka." Fundi cherehani asingeshona vizuri zaidi. Baada ya wiki rafiki yangu aliniuliza, kwa upole wake ule ulionikera, "Kurasa zenye zilishikana, uliziandika?" Nilijua ameona mafuta. Kwa aibu ya sombe nikamjibu kwamba ndiyo, niliziandika zote. Alikwenda kufundisha Djugu, na huko ndiko alikofia kwa ugonjwa, kabla vijiji havijaanza kuchomwa.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miaka kumi na tisa, na nilitembea juu yake nikipigiwa makofi.

Kwa sababu somo la nyota ndilo lililonipa jina. Mtu akinikuta kwenye barabara kuu ananisalimia "Prof ya nyota!" na mwenye pikipiki anapunguza mwendo ili niione heshima yake. Walimu wa shule nyingine mbili walikuja kunakili kozi yangu, mmoja akitokea Marabo na parachichi za kunishukuru. Nilikuwa nasoma ule mstari wa Jua kwa sauti ya chini, kisha nanyamaza kidogo ili wasichana waogope. Halafu naongeza yangu, ambayo hata kwa padri hayakuwemo: kwamba shimo hilo litavuta kila kitu, sayari zote, sisi na mifupa yetu, kama bomba la maji machafu linavyovuta povu. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani amekuwa mhubiri. Siku moja nilipita karibu na kanisa lake na kumsikia kwenye kipaza sauti akiwaambia waumini kwamba hata sayansi imekubali, Jua litageuka shimo la giza, watubu. Watu wakalia. Nilisimama pale nje kwenye vumbi nikitabasamu, na leo nikikumbuka lile tabasamu natamani kutapika.

Kisha msichana mmoja alifika darasani kwangu katikati ya mwaka. Alikuwa ametoka Djugu pamoja na mama yake na wadogo zake, wakakaa kwenye kambi ya waliokimbia, chini ya turubai. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye sare iliyokatwa kutoka kwenye sare ya mtu mnene. Kulikuwa na shirika moja lililolipia shule watoto wa kambi, kwa sharti kwamba mtoto apite darasa. Akianguka, jina linatoka kwenye orodha. Sote tulijua hilo, mimi nikiwa wa kwanza.

Katika mtihani wa mwisho wa mwaka niliuliza swali ninalouliza kila mwaka: Jua litamaliza vipi maisha yake? Nilikuwa nasahihisha kwa kasi, maana majibu yote yalikuwa moja, nikifurahia kuona sentensi yangu ikijirudia karatasi hadi karatasi. Nikafika kwenye ya kwake. Alikuwa ameandika kwamba Jua halitakuwa shimo jeusi, kwa sababu ni nyota ndogo. Litavimba, litakuwa jekundu, litatupa ngozi yake ya nje angani, na kitakachobaki ni jiwe jeupe la moto, kibete, litakalopoa polepole bila kelele. Nilicheka peke yangu. Nikampa sifuri, na pembeni nikaandika kwa kalamu nyekundu: "Haya umeyatoa wapi?" Kalamu ile niliikandamiza mpaka karatasi ikatoboka.

Shuleni kwetu kuna siku moja, kabla ya kikao cha kuamua nani anapita, ambapo wanafunzi wanarudishiwa karatasi na mwenye malalamiko anakuja. Alikuja wa kwanza. Aliinama kidogo kama wanavyofanya watoto waliolelewa vizuri.

"Prof, pardon. Uliniuliza nilitoa wapi. Nilileta."

Akatoa ndani ya mfuko wa plastiki daftari lililokunjamana, akalifungua mahali palipowekwa unyasi. Mimi hata sikutazama. Darasa lote lilikuwa linatuangalia, nami nikasema kwa ile sauti yangu ya shimo jeusi:

"Kule kwenu Djugu mulikuwa munafundishwa na nani? Na mbuzi?"

Wakacheka. Mimi pia nilicheka. Yeye alingoja kicheko kiishe.

"Prof yetu alikufa," akasema. "Alikuwa anatuambia kama mulisoma pamoja na weye, munalala chumba moja. Alisema tukifika Bunia tukusalimie."

Nililinyakua daftari, nikamwambia nitaliangalia, nikatoka. Nyumbani niliketi kwenye kiti cha plastiki nyuma ya jiko, mchana mweupe, na kusoma. Maneno yalikuwa ya padri. Mpangilio ulikuwa wa rafiki yangu, hata tabia yake ya kupigia mstari neno la kwanza. "Kila nyota, pamoja na Jua letu, siku moja itamaliza mafuta yake, na hapo kuna njia mbili." Njia mbili! Miaka kumi na tisa nilikuwa nimefundisha moja, na hiyo moja nimempa asiyestahili.

Nilitaka kwa moyo wote mtoto awe amekosea. Nilitoa simu, nikasubiri mtandao uje na kupotea na kuja, nikasoma kila nilichopata, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoelewa, na kadiri nilivyoelewa ndivyo nilivyojichukia. Kwa maana jambo lenyewe ni rahisi. Nyota ni ugomvi. Uzito wake unataka kuibomoa kuelekea ndani, na joto la moto wake linasukuma kuelekea nje. Ikiwa na haidrojeni ya kuchoma na kuigeuza kuwa heli, pande mbili zinalingana, na nyota inakaa mahali pake kwa mabilioni ya miaka. Jua letu liko hapo, katikati ya umri wake, halina haraka. Haidrojeni ya moyoni itakapokwisha, tabaka za nje zitafura na Jua litakuwa jitu jekundu, kisha tabaka hizo zitaondoka, na kiini kitabaki, kidogo kama dunia hii, cheupe, kikipoa. Hakina uzito wa kutosha kujiangukia zaidi ya hapo. Basi. Hakuna shimo, na kelele za yule mhubiri hazina kazi hapo.

Njia ya pili ni ya nyota kubwa, zile zenye uzito unaozidi wa Jua mara nane, mara kumi, mara ishirini. Hizo zina pupa. Kila kinachobaki kwenye moto uliopita zinakigeuza kuwa kuni za moto unaofuata, mpaka zinafika kwenye chuma, na chuma hakitoi joto. Kukiunganisha kunakula joto badala ya kuleta. Hapo upande wa nje unakosa nguvu, upande wa ndani unashinda mara moja, kiini kinaporomoka kwa muda mfupi kuliko wa mtu kupiga chafya, na nyota inalipuka. Kikibaki kiini cha wastani kinakuwa mpira wa nyutroni. Kikibaki kizito kupita kiasi, hakuna kitu kinachojulikana cha kukizuia, na hilo ndilo shimo jeusi. Udongo huu mwekundu unaochafua nguo zetu una chuma kilichopikwa ndani ya nyota kama hizo. Hata dhahabu ambayo watu wanachinjana kwa ajili yake huko Djugu ilizaliwa katika vifo vya namna hiyo na katika kugongana kwa masalia yake. Binti yule angeweza kufundishwa hayo na mimi, na badala yake nilimwuliza kama alifundishwa na mbuzi.

Na lile bomba langu la maji machafu? Uongo vilevile. Shimo jeusi halizunguki likifyonza kila kilicho mbali. Mvutano wake ni wa uzito wake tu. Kama mtu angeliondoa Jua sasa hivi na kuweka pale shimo jeusi lenye uzito uleule, dunia ingeendelea kuzunguka kwenye njia yake ileile, katika baridi na giza, bila kuvutwa hata hatua. Hatari ni kwa anayekaribia kupita mpaka wake. Nilifunga simu, nikaangalia vidole vyangu, nikaenda kunawa kwa sabuni ya unga mpaka ngozi ikauma.

Kikao kilifanyika kesho yake. Katika chumba cha walimu kuna meza moja ndefu yenye madoa, na juu yake siku za kikao wanaweka bakuli la mandazi yanayong'aa kwa mafuta. Wenzangu walikuwa wanatafuna huku wanataja majina ya watoto, wakijifuta vidole kwenye karatasi za matokeo. Prefe, yaani mkuu wetu wa shule, alikuwa anasoma asilimia za kila mmoja, na anayefika hamsini anapita. Alipofika kwa msichana wa kambini akasema, "Karantuit," akatia alama ya kuanguka, akaendelea. Arobaini na nane. Swali langu peke yake lingempandisha na kumvusha.

Nikasema, "Prefe, rudi kidogo. Ule mutoto alijibu vizuri. Ni siye njo tulikosa. Ni miye."

Nilieleza. Nilieleza vizuri, na kwa muda ule mfupi nilijipenda. Wote waliacha kutafuna. Prefe alivua miwani, akaifuta kwa tai yake. Si mtu mbaya. Ni mtu nadhifu, na unadhifu wake unanikinaisha kuliko ubaya.

"Prof," akasema, "siye hatukatae. Lakini mukaguzi atafungua karatasi ya huyu mutoto, atakuta iko kinyume na kozi. Kozi iko na saini yako. Sasa nani iko nabeba?"

"Miye nabeba."

"Muzuri sana. Basi andika barua. Sema kama kozi ilikuwa na makosa, tangu mwaka gani mupaka mwaka gani, weka saini. Tutaibandika kwenye valve, bazazi ya batoto basome, na kopi moja kwa mukaguzi. Nafasi hii hii nampitisha mutoto wako."

Valve ni ubao wa matangazo, pale langoni, ambapo hata wauza mikate husimama kusoma. Prefe alinisogezea karatasi nyeupe. Hakuwa ananitega, na hilo ndilo lililo baya. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilichukua kalamu. Nikawaona wenye pikipiki. Nikamwona mwalimu wa Marabo na parachichi zake, na mhubiri, na baba mmoja aliyewahi kuniambia kwamba mwanawe alimwona mwalimu mwenye akili mara moja tu maishani, yaani mimi. Nikafikiri jinsi watakavyosema "Prof ya nyota" kuanzia kesho, kwa sauti gani. Mwalimu mmoja akasukuma bakuli kuelekea kwangu na kuniambia kwa huruma, "Kula kwanza, prof." Nikachukua andazi. Nililila lote. Kisha nikasema tuendelee, na ripoti ya kikao ilipozungushwa nikatia saini chini ya majina yote, pamoja na lile.

Mtu anaweza kudhani nilifikiri sana. Sikufikiri hata dakika tano.

Matokeo kwetu yanasomwa hadharani, uwanjani, mbele ya wazazi. Jina la mtoto aliyepita likitajwa, mama yake au shangazi anakimbia na kopo la poda na kummwagia kichwani, na familia inaondoka barabarani ikiwa nyeupe, ikiimba, ili mtaa mzima ujue. Asubuhi ile uwanja ulinuka poda na jasho. Nilikuwa kwenye mstari wa walimu, mikono nyuma. Nilimwona mama yake kabla sijamwona yeye, mwanamke mfupi mwenye kandambili za rangi mbili tofauti, na mkononi alikuwa na poda iliyofungwa kwenye kipande cha kitenge, kidogo, pengine ameomba kwa jirani. Majina yakasomwa. Kila jina mama yule alikuwa anainuka kwenye vidole vya miguu kisha anashuka. Orodha ilipokwisha hakulia wala hakuuliza. Alikaza fundo la kitenge chake kwa meno, akakitia kifuani, akamwambia binti yake twende.

Nilitaka kumfuata. Badala yake nilipiga makofi pamoja na wengine kwa ajili ya mtoto wa mwenyekiti wa wazazi, aliyepata hamsini kamili na aliyeandika kwamba Jua litakuwa shimo jeusi. Poda yake iliniingia kinywani. Nilitema mate siku nzima.

Jina la msichana lilitolewa kwenye orodha ya shirika, kama ilivyotarajiwa. Likizo nzima nilimwepuka, na haikuwa vigumu, kwa sababu mtu wa kambini hana sababu ya kupita kwangu. Niliona kichefuchefu kwa kila kitu: kwa salamu za barabarani, kwa mchele wa mke wangu, kwa uso wangu kwenye kioo nikinyoa. Hatimaye nilinunua daftari jipya na kuandika kozi upya, kurasa zote, pamoja na zile mbili, na nikajiapiza kwamba shule ikifunguliwa nitasema mbele ya darasa. Mbele ya darasa, si kwenye valve. Hata kutubu kwangu kulichagua mahali pa bei nafuu.

Septemba shule ilifunguliwa, naye alikuwepo, kwenye benchi la tatu, akirudia mwaka. Nilishangaa. Mwalimu mwenzangu akaniambia kwamba mama yake amekwenda Niania, anapika chakula cha madereva wa malori kando ya barabara, na kila kinachopatikana kinarudi kwenye shule ya huyu mmoja. Wadogo wawili wamebaki kambini naye. Anawaogesha, anawapikia, kisha anakuja shuleni. Na kweli viganja vyake vilikuwa vimekuwa vya mtu mzima.

Siku ya somo la nyota nilivaa shati safi. Niliingia, nikafungua daftari jipya, nikalifunga tena.

"Kabla sijaandikisha," nikasema, "kuna mtu humu ndani anayelijua somo hili kuliko mimi. Mwaka jana alijibu sawa na mimi nikampa sifuri. Leo nataka atufundishe."

Nikamwonyesha. Walimgeukia wote. Alisimama polepole, akanyoosha sketi yake, akaniangalia kwa heshima ileile ya siku ya malalamiko.

"Tuambie," nikasema. Sauti ilinitetemeka, na nilifurahi kwamba inatetemeka. "Jua letu litamaliza maisha yake namna gani?"

"Litajiangukia ndani, prof," akasema. "Litakuwa shimo jeusi."

Kalamu zikaanza kuandika.

"Hapana, ngojeni, msiandike. Hapana, binti yangu. Sema ile yenye uliandika mwaka jana. Ile ya prof yenu. Ile njo ya kweli."

Nilimwona akitazama daftari jipya mkononi mwangu, kisha uso wangu, akipima, kama mtu anayechungulia mto kabla ya kuvuka na mzigo kichwani.

"Ya kweli naijua, prof," akasema. "Lakini mwaka hii niko nataka kupita."